Mita ya Hosteli C

Pale chuoni kwetu kulikuwa na watu wawili waliojua maji yanatumikaje. Wa kwanza alikuwa mhandisi, aliyejua kwa kompyuta. Wa pili alikuwa Mzee Mita, aliyejua kwa magoti, maana mita ya maji huisomi umesimama. Unapiga magoti, unafunua kifuniko cha chemba, unawafukuza vyura, unafuta kioo kwa brashi ya viatu, ndipo namba zinaonekana. Mimi nilikuwa wa tatu, niliyejua kwa kuletewa kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwatangazia watu.

Jina la Mita alipewa na wanafunzi kabla sijaajiriwa, likamganda. Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro, akapanda kuwa msaidizi wa fundi bomba, kisha fundi, na miaka kumi na tisa ya mwisho alikuwa msoma mita wa chuo kizima. Mita thelathini na nne, kila mwisho wa mwezi, kwa mpangilio uleule. Hata nje ya kazi hakuweza kujizuia. Kwenye arusi ya mwanawe mkubwa, wenzake wanapiga picha, yeye alikutwa ameinama uani kwa wakwe. Alirudi akamnong'oneza mkwewe kwamba wana bomba linavuja chini ya sakafu. Mkwe alinuna siku nzima, kesho yake akaita fundi, bomba likakutwa linavuja kweli.

Alikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wake, msichana, ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Tena chuo hikihiki, mwaka wa pili wa uuguzi, hosteli C, ghorofa ya nne. Mzee alilisema jambo hilo mara chache sana, ila aliposoma mita ya hosteli C alifuta kioo mara mbili. Tulimtania kwamba anampigia mwanawe pasi. Naye alijibu, "Nyie chekeni tu, ile mita inachafuka kuliko zote."

Sasa nieleze kazi yangu, ingawa sina hamu nayo. Nilikuwa mwandishi wa kitengo cha mawasiliano. Chuo chetu kilikuwa kimejitangaza kuwa chuo cha kijani, na kila robo mwaka tulitoa jarida lenye picha za miche, taa za sola na watu wanaotabasamu wakiwa wameshika chupa tupu. Sitasema lilikuwa uongo mtupu. Sola zilikuwepo, miche mingine ilishika. Lakini jarida linataka habari njema kila baada ya miezi mitatu, na mambo mema hayaji kwa ratiba. Kwa hiyo tulijifunza kupiga chuku kwa adabu.

Robo moja ya mwaka ilileta jedwali la maji. Nikalipitia kama kawaida, jengo kwa jengo, namba zikipanda kidogo na kushuka kidogo, hakuna cha kuandika. Mpaka nikafika hosteli C. Robo iliyopita uniti mia tisa na sita. Robo hii uniti mia tatu na nne. Niliisoma mara tatu. Wasichana mia moja na hamsini walikuwa wamepunguza matumizi ya maji kwa theluthi mbili.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza wanaoga na nini. Mimi niliuliza nani apewe sifa. Nikakumbuka kwamba miezi mitatu nyuma kitengo chetu kilibandika vikaratasi vya "Funga Bomba" kwenye milango ya mabafu, na moyo ukaniruka kwa furaha. Kichwa cha habari kikaja chenyewe: vikaratasi vidogo, mabadiliko makubwa. Nikapanda hosteli, nikawapiga picha wasichana watatu kando ya sinki, mmoja akijifanya anafunga koki. Walicheka sana, na mimi nikadhani wanacheka kwa fahari.

Jarida lilitoka Jumatatu. Jumatano Mzee Mita akabisha mlango, kofia mkononi, daftari kwapani.

"Mwanangu, hii habari umeitoa wapi?"

"Shikamoo mzee. Si kwenye namba zako?"

"Marahaba. Namba ni zangu. Lakini ile mita imekufa." Akafungua daftari na kuniwekea kidole. "Ona. Mwezi wa kwanza ilitembea uniti mia tatu na nne. Mwezi wa pili, haikusogea hata uniti moja. Wa tatu, vilevile. Mchanga umeingia ndani. Maji yanapita, namba haziendi. Nimeandika hapa pembeni, 'mita imekufa, ibadilishwe'. Nimeandika mara mbili."

Kweli alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Karani wa takwimu alikuwa akinakili safu ya namba tu, maana safu ya maoni haikuwa na mahali pa kuingia kwenye kompyuta yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitarekebisha siku hiyohiyo. Sikuwa nikimdanganya, niliamini.

Mkuu wangu, tuliyemwita Madam, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwa Madam hiyo ni dalili mbaya. Kisha akafunga mlango. Akaniambia Mkuu wa Chuo ameshaisoma habari ile mbele ya baraza. Akaniambia umoja mmoja wa vyuo umeshapiga simu, unaleta majaji baada ya wiki tatu, hosteli C iko kwenye orodha ya tuzo.

"Sasa unataka nimpigie nani nimwambie tulisoma mita mbovu?"

"Tuandike masahihisho, Madam. Mistari minne tu."

"Andika. Nitaipeleka."

Niliandika. Ikarudi baada ya siku mbili, mistari minne imekuwa miwili, ikisema takwimu za awali zinaendelea kuhakikiwa. Siku ya tatu mistari miwili ikawa mmoja. Siku ya nne nikaambiwa tutaiweka kwenye ripoti ya mwaka, mahali pake hasa. Madam hakuwa mtu mbaya, nisimseme vibaya. Alikuwa na miaka miwili kabla ya kustaafu na woga wa miaka thelathini.

Mpaka hapo lilikuwa jambo la aibu yangu mimi. Kisha mhandisi akasoma jarida.

Maji ya hosteli yalitoka kwenye tangi kuu, na kila jengo lilifunguliwa kwa saa zake. Hosteli C ilipata saa sita kwa siku, tatu asubuhi na tatu jioni. Kamati ya mazingira ilikaa, mhandisi akauliza swali ambalo kwenye karatasi halina kosa: kama hosteli C inatumia uniti mia kwa mwezi, kwa nini tunaifungulia kama inayotumia mia tatu? Wakaamua ifunguliwe kwa muda wa saa moja tu asubuhi na saa moja tu jioni. Maji yaliyobaki yakapelekwa kwenye bustani mpya ya lango kuu, ambayo majaji wangeipita wakiingia. Agizo likashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtu mwenye ufunguo wa koki. Huyo alikuwa Mzee Mita.

Na kitu ambacho kamati haikujua, na hata ingejua sijui kama ingebadilisha neno, ni kwamba binti wa Mzee Mita alikuwa ametoka hospitali siku tano kabla. Alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Daktari alimwambia wiki sita asinyanyue kitu kizito kuliko begi la madaftari. Nyumbani walimtaka abaki, lakini mitihani ya vitendo ilikuwa karibu, na kwa mwanafunzi wa uuguzi ukikosa vitendo umekosa mwaka. Akarudi hosteli na mshono wake.

Saa moja ya maji haikufika ghorofa ya nne. Msukumo uliishia ya pili, na wa juu wakawa wanashuka na ndoo. Wenzake wa chumbani walimtekea wiki ya kwanza kwa moyo mweupe. Wiki ya pili walichoka, nao walikuwa na mitihani na migongo yao. Hawakumkatalia, walianza tu kusahau.

Mzee alikwenda kwa mhandisi. Nilikuwepo, kwa sababu nilijipeleka nikidhani maneno yangu yatamwongezea uzito.

"Bosi, ile mita ni mbovu. Wale watoto wanatumia uniti mia tatu kama zamani. Nirudishie zile saa."

"Mzee, mimi nakuamini," mhandisi akasema, na nadhani alimwamini. "Lakini nitatoa maji kwa karatasi gani? Karatasi niliyonayo inasema mia."

"Basi badilisha mita."

"Nikibadilisha leo, majaji wakija wataikuta imeruka mara tatu. Nitawaeleza nini? Subiri wapite."

"Na mtoto wangu je?"

Mhandisi akashusha macho. Akauliza kama binti hawezi kuhamishiwa ghorofa ya chini. Tukaenda kwa matroni wa hosteli, matroni akasema vyumba vya chini vimejaa na uhamisho unapita kwa mshauri wa wanafunzi. Mshauri wa wanafunzi alikuwa safarini. Aliporudi, akataka barua ya daktari. Barua ilipopatikana, ikaonekana haina mhuri. Tulipigwa danadana hizo kwa siku tisa, na kila aliyetupiga alituonea huruma.

Mzee akaamua kubeba mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alijaza madumu mawili nyumbani kwake, akayafunga kwenye baiskeli, akayafikisha hosteli C. Lakini hosteli ya wasichana ina sheria yake, mwanamume havuki mlango wa chini, awe mchumba, kaka au baba. Alikuwa na ufunguo wa maji ya jengo zima na hakuruhusiwa kupanda ngazi zake. Aliyaacha madumu kwa matroni, na mara nyingine jioni aliyakuta palepale. Nilipojua hilo nikawa nakwenda kuyapandisha mimi, kwa kuwa mwanamke haizuiliwi ngazi zile. Ngazi themanini na nane, nilizihesabu. Nilifanya hivyo siku sita, na siku ya saba nilitumwa nje ya mji kuandaa mabango ya kuwapokea majaji. Nilikwenda. Sina cha kujitetea, nilitumwa nikaenda.

Binti mwenyewe hakuwa mlalamishi. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani anasoma, mkono tumboni. Akaniambia, "Dada, mwambie baba aache kuja na baiskeli, anajichosha bure." Nikamwambia namna zote zinajaribiwa. Akatikisa kichwa kwa upole, jinsi wauguzi wanavyomtikisia kichwa mgonjwa anayesema anajisikia nafuu.

Siku ya majaji ilifika. Alfajiri wasichana waliamriwa kusafisha vyumba na vyoo kabla ya saa tatu, na kila chumba kioneshe mfano. Kusafisha vyoo kunataka maji. Koki ya hosteli C ilifunguliwa kwa saa yake moja tu kama kawaida, asubuhi ile zaidi ya yote, kwa sababu chuo hakikutaka kuonekana kinatumia. Foleni ya ndoo ilizunguka jengo. Wenzake wa chumbani walikuwa chini wakigombea bomba, zamu ya choo cha ghorofa ilikuwa ya chumba chao, matroni anapita na orodha. Binti akachukua ndoo, akashuka, akajaza nusu. Wamesema ilikuwa nusu tu.

Sisi hatukujua hilo bado. Saa nne tulikuwa kando ya chemba ya hosteli C, mimi na kamera, Madam, mhandisi, majaji watatu na Mzee Mita aliyevalishwa koti jipya la kijani lenye nembo. Kazi yake ilikuwa kufunua kifuniko, kusoma namba kwa sauti, basi. Akapiga magoti, akafuta kioo. Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akainama karibu naye kuliko tulivyotarajia.

"Hongera sana baba. Naona hata sasa haisogei."

Mzee akabaki amepiga magoti. "Haisogei kwa sababu ni mbovu, mama. Imekufa miezi mitatu sasa. Hawa watoto hawajapunguza maji, wamenyimwa."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa wiki tatu. Niliamini kwamba yakishasemwa mbele ya watu kama wale, kwa sauti, mchana kweupe, kitu kitalazimika kutokea. Yule mama alimtazama Mzee kwa makini. Akatoa kalamu, akaandika mistari miwili, akamshukuru kwa uwazi wake. Mhandisi akakohoa. Madam akasema chai iko tayari, na msafara ukaondoka.

Chai haijaisha, matroni akanipigia simu. Mshono umeachia. Binti alikutwa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, amekaa, ndoo imesimama wima pembeni, hakumwaga hata tone. Nilimkimbilia Mzee nikamwambia. Alivua lile koti, akalikunja vizuri, akanikabidhi, akapanda baiskeli kuelekea zahanati.

Walimshona upya hospitali kubwa, na kidonda kikaingia uchafu, akalazwa siku kumi na nne. Alipona. Nasema hivyo mapema kwa sababu ninyi mnaosoma si maadui zangu. Lakini mitihani ya vitendo ilimpita, na mwaka ukaahirishwa. Akarudi kwa wazazi na vitabu vyake kwenye boksi.

Barua ya majaji ilikuja mwezi uliofuata. Tulipata tuzo, nafasi ya pili. Ukurasa wa mwisho, chini ya mapendekezo, namba sita, waliandika kwamba wamevutiwa na utamaduni wa uwazi miongoni mwa wafanyakazi wa ngazi zote, na wanashauri mita ya hosteli C ibadilishwe baada ya mwaka wa tathmini. Niliusoma mstari huo mpaka macho yakaniuma. Ukweli ulikuwa umesemwa, umesikika, umeandikwa na kupewa namba sita. Nilijifungia chooni nikalia kwa hasira, kisha nikanawa uso nikaandika habari ya tuzo, kwa sababu kulikuwa na tarehe ya mwisho.

Mzee hakuacha kazi. Watu huniuliza kwa nini, kana kwamba mtu wa miaka hamsini na saba huacha kazi kama anayebadilisha shati. Aliendelea kusoma mita zake thelathini na nne, na kufungua koki ya hosteli C kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni kwa agizo lililokuwa halijafutwa. Aliniambia wasichana wamejizoesha. Wameacha kufua hosteli, wanaoga kwa kopo, wengine wamehamia mitaani. Tuliandika barua tatu, mimi na yeye, kuomba saa zirudishwe. Tulijibiwa kwamba mita mpya ikishafungwa, matumizi halisi yataonekana, na maji yatatolewa kulingana nayo. Jibu hilo lilitupa matumaini. Hata mimi, ninayejiona mjanja, sikuona lilichobeba.

Mita mpya ilifungwa. Mwisho wa mwezi Mzee hakupeleka fomu kwa karani, aliileta kwanza kwangu. Alikaa kitini bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

"Anaendeleaje binti?" nikamuuliza.

"Anasoma. Mama yake anamkataza hata kufagia." Akanisogezea fomu. "Nimeisoma mara mbili. Nikarudi kesho yake nikaisoma tena."

Hosteli C, uniti tisini na saba. Niliuliza kama na hii ni mbovu.

"Ni nzima. Nimeipima kwa ndoo, haikosei hata lita." Alisugua kofia yake kwenye goti. "Ukifungua kwa saa mbili tu kwa siku, zinapita uniti mia kwa mwezi. Hizo mia tatu watazitoa wapi? Kwa hiyo ulichoandika sasa ni kweli, mwanangu. Hakuna tena cha kusahihisha."

Hakusema kwa kunisuta, na afadhali angenisuta. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Madam, anauliza kama namba za hosteli C zimefika, maana kamati inakaa saa nane kuamua kama hosteli A na B nazo zipunguziwe saa za maji. Mzee alinitazama, na mimi nikamtazama, na mstari wa simu ulikuwa unangoja.

"Zimefika," nikasema.